Kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae

Sikuona bango lolote lililosema njia inaanzia hapa. Kutoka Lushoto mjini hadi Mtae, kwenye ncha ya kaskazini ya Milima ya Usambara, mtu anapita vijia ambavyo vina kazi zake tangu zamani. Kimoja kinakwenda kisimani, kingine shuleni, kingine msikitini, na vilivyo vingi zaidi vinashuka mashambani bondeni halafu vinapanda hadi barabarani, lori linaposubiri. Wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni wamekuwa wakivipita kwa miaka. Sisi wa Tanga mjini tunapanda gari, tunageuka pale Mombo, tunazihesabu kona za Soni, tunafika Lushoto tunapiga picha Irente, kesho yake tumerudi nyumbani. Mwezi wa saba uliopita niliamua kuipita milima hii kwa miguu, na sababu yangu ilikuwa kabichi.

Marehemu mama yangu aliuza mboga soko la Mgandini. Kabichi, karoti, viazi, hoho, vyote vilifika usiku kwa Fuso, na alfajiri mama alikuwa anaamka akiuliza jambo moja tu: "Mzigo umeshuka?" Nimelelewa na kusomeshwa na mzigo ulioshuka. Kilichonikaa kichwani baada ya yeye kuondoka ni kwamba sijawahi kuona ulikotoka.

Mwenzangu safarini alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, Msambaa wa upande wa Sunga. Yeye hizi njia hazimpi shida. Alipokuwa msichana alizipita akiwa na kuni kichwani, na baadaye akiwa na sanduku la shule. Tulimchukua pia kijana mmoja wa Lushoto atuongoze, kwa sababu msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia. Unalipia kibali na unaingia na mtu anayeijua njia. Nakushauri usione uchungu kuilipa hela hiyo. Zaidi ya hekta 9,000 za msitu zinatunzwa pale, na maji ya mabonde mengi ya chini yanaanzia humo.

Tuliingia msituni ukungu haujainuka. Mimi ni mtoto wa pwani, baridi ya mwezi wa saba ya Magamba niliijua kwa kusikia tu. Nilivaa sweta mbili na mtandio juu, na bado vidole havikukunjika vizuri. Ndani ya msitu kuna miti ya mikulo, mikubwa ajabu, iliyojaa kuvumwani za kila aina mashinani. Kijana alituambia tusimame, tunyamaze, kisha akanyoosha fimbo juu: mbega wanne, weusi wenye manyoya meupe marefu mabegani, wanatutazama. Mbele kidogo akamwona kinyonga mwenye pembe kwenye kichaka. Wifi alirudi nyuma hatua kadhaa akaweka kanga mdomoni, kwa sababu kinyonga kwao si mnyama wa kuchezewa. Kijana hakutaka kumshika wala kumtingishia tawi. Alisema wako vinyonga Usambara ambao huwapati mahali pengine popote duniani, basi tumwache apite. Nilimpenda kijana yule kuanzia hapo.

Mingine ya miti ya milima hii haipo tena. Upande wa Shume, Wajerumani walikata miti ya mwangati kwa ajili ya mbao, na ili magogo yashuke walifunga kamba ya chuma kutoka juu mlimani hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Magogo yaliteremka yakining'inia hewani juu ya mabonde. Nilipoelezwa hayo nilifikiri sana. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita palikuwa na chombo cha kushusha magogo ya watu wachache, na leo kabichi ya mkulima bado inatoka bondeni juu ya kichwa cha mwanamke.

Hilo nililiona Lukozi, na kama una siku moja tu ya kutumia kule, itumie Lukozi. Ukitoka msituni unapita Kwai, ambako Wajerumani waliwahi kuwa na shamba la majaribio, halafu njia inafunguka na bonde linalala chini yako lote limepangwa kwa matuta: kijani cha karoti, kijani kilichofifia cha kabichi, weusi wa udongo uliochimbwa jana. Pampu ndogo za petroli zinaunguruma mtoni. Vijana wanapita kati ya mistari na mabomba ya dawa mgongoni, wengi bila kitambaa cha kuziba pua, jambo lililonisikitisha. Karibu na kijito wanaume walikuwa wamemwaga karoti juu ya turubai, wanazimwagia maji na kuzikanyaga kwa miguu mpaka udongo utoke na rangi iwake. Zile karoti safi zinazong'aa mezani pa mama yangu zilipata usafi wake hapo, kwa nyayo za watu, kwenye maji ambayo tulipoyagusa wifi alitoa mkono haraka.

Kutoka bondeni hadi barabarani ni mpando. Sijui niuelezeje, mtu anayepanda goti linakaribia kifua. Na kwenye mpando huo walikuwa wanapita wanawake na viroba vya kabichi vichwani, ngata imekaa chini ya mzigo, mkono mmoja juu, mwingine umeshika majani ya ukingoni. Wengine walivaa mabuti ya mvua, wengine yeboyebo. Wifi alinivuta kando. Akanifundisha adabu ya njia, ambayo ninaiandika hapa kwa mkazo: mwenye mzigo ndiye mwenye njia. Unasimama upande wa mlima, mgongo kwenye udongo, unamwachia yeye nafasi ya kukanyaga, na unamsalimu kwanza wewe, kwa sababu yeye hana pumzi ya kuanza.

Mama mmoja alipotua kiroba chake barabarani nilimwendea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mmetokea wapi?" Nikamwambia Tanga. Nikamuuliza amepanda mara ngapi leo. Akacheka, akasema huwa hahesabu safari, anahesabu viroba, kwa sababu analipwa kwa kiroba. Alinyoosha mikono miwili mbele akaivuta nyuma mara kadhaa, akajifunga kanga upya, akashuka tena bondeni kwa mwendo wa haraka ambao mimi bila mzigo nisingeuweza.

Pale barabarani wanashona lumbesa. Kwa asiyejua: gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu juu ya mdomo panaongezwa kilemba kinachofungwa kwa kamba na nyavu, mpaka gunia moja linakaribia kuwa mawili, na mkulima analipwa la moja. Sheria ya vipimo inakataza. Nimeona lumbesa maisha yangu yote kwenye upande wa kupokea, na pale Mgandini kilemba kikubwa ni neema, hata mama alikifurahia, maana ndicho kilichokuwa faida yake. Juu kule kilemba kina mtu. Kuna aliyekilima, kuna aliyekipandisha kilima, na hakuna aliyekilipia. Nilikaa kwenye jiwe nikawatazama washonaji mpaka kijana akaniambia, "Dada, jua linatuacha."

Kutoka Lukozi tulipita Malindi na Manolo kwa mwendo mrefu, vumbi, mikaratusi, watoto wa shule wakitusindikiza na maswali. Sehemu hiyo haina mengi. Njia ilipogeukia Rangwi ndipo mandhari ikawa laini tena, migomba, nyumba za udongo mwekundu, mabonde madogo yenye maji. Rangwi tulilala kwa masista wa Kikatoliki. Ndoo ya maji ya moto, supu, mkate uliookwa humo humo ndani, blanketi mbili. Mimi na wifi ni Waislamu. Sista aliyetupokea alituonyesha chumba, kisha bila kuulizwa akatuonyesha upande wa kibla. Nimewahi kulala hoteli za gharama ambazo hazikunijali hivyo.

Njiani kwenda Rangwi tulikuwa tumekutana na mzee akikata majani ya ng'ombe, akakubali kupumzika nasi. Alinyoosha panga kuelekea upande wa Mlalo. Mwaka 1946 Waingereza walianza huko mpango wao wa kuzuia mmomonyoko: kila kaya ichimbe matuta shambani kwake, asiyechimba ashtakiwe. Watu waliukataa. Mzee alisikia kwa mama yake, maana wachimbaji walikuwa zaidi wanawake, na mteremko wa shamba haukupunguzwa kwa kuwa mtu ana mimba au ana mtoto mgongoni. Mpango ulikufa kabla ya uhuru, na chuki yake ilisaidia siasa za TANU kushika mizizi milimani. Kisha mzee akapiga panga kwenye majani aliyokuwa anakata, marefu, yamepandwa mistari ikikata mteremko. Ni majani ya Guatemala. Mradi wa SECAP, wa kuhifadhi udongo na kupanda miti mashambani, uliokuja mwaka 1981, ulihimiza kuyapanda kwenye makinga maji, na haya watu waliyapokea. Nilipomuuliza tofauti ni nini, wakati kazi ni ile ile ya kuzuia udongo, alinijibu kwa kumtazama ng'ombe wake. Majani yanazuia udongo na ng'ombe anakula. Tuta la Mwingereza halikumlisha mtu.

Wasambaa wana simulizi ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, akawa anaua nguruwe waliokula mashamba ya watu na kuwagawia nyama, mpaka wakamfanya mtawala wao, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vuga. Wifi alitusimulia tukiwa tunatembea, na kijana akawa anamrekebisha hapa na pale kwa jinsi alivyosikia yeye kwa babu yake. Walibishana kwa Kisambaa kilomita nzima. Nikabaki nyuma yao nikiwaza kwamba hata enzi hizo, aliyeheshimiwa milimani alikuwa yule aliyelinda shamba.

Kabla ya Sunga wifi alikuwa ameanza kutembea mbele. Alijua kila njia panda. Kulia kwetu ulikuwa msitu wa Shagayu, mweusi kileleni, na hapo ndipo unapoanzia mto Umba, unaoshuka hadi tambarare, ukapita wilaya ya Mkinga na kumwaga maji yake baharini upande wa Vanga, Kenya. Mto huo nimeuvuka chini mara nyingi, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Kijana alituonyesha kijito kimojawapo kinachouingia. Nilikivuka kwa hatua moja.

Nyumbani kwa bibi yake wifi tulipokelewa na makande, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakavunjika, na chai ya tangawizi. Bibi alitutazama miguu. "Basi limeharibika wapi?" akauliza. Wifi akamwambia hatukupanda basi. Bibi akamgeukia mjukuu wake huyo, akamwambia kwa Kisambaa maneno ambayo wifi aliyakataa kunitafsiria. Nikamweleza bibi mwenyewe kwamba mama yangu aliuza kabichi za huku miaka mingi, akatusomesha kwa hizo, na nilitaka kuiona njia yake. Bibi akanyamaza, halafu akataka kujua kabichi moja Tanga inauzwa shilingi ngapi. Nilipomtajia bei alipiga makofi mara moja, akamwita jirani wa dirishani aje asikie. Ikawa mkutano. Nilihojiwa bei ya karoti, ya hoho, ya viazi, nani anapanga, kwa nini, na kama dalali wa Tanga anamjua dalali wa Lukozi. Nilijibu yote niliyoyajua kwa mama. Walikuwa na haki ya kuyajua mapema zaidi ya siku ile.

Mtae iko juu ya ukingo mwembamba, nyumba zimejipanga kwenye uti wa mlima na pande zote mbili ardhi inakatika. Kaskazini unaona tambarare ya Mkomazi, kahawia na pana mno kwa macho yaliyozoea mabonde, na ng'ambo Milima ya Upare. Wanasema siku hewa ikiwa safi Kilimanjaro inaonekana. Sisi tulipata mawingu, na sikujali, nilikuwa na mengi ya kutazama chini ya miguu yangu.

Ukitaka kwenda, epuka masika, maana udongo ule ukilowa unateleza vibaya na kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Vaa raba zilizokwisha kukuzoea. Beba sweta hata kama unatoka Dar na jua linakuchoma. Beba hela ndogo ndogo, ununue chakula na karoti kwa watu wa njiani, wala usiwapige picha wenye mizigo bila kuwaomba. Muulize mkulima bei anayolipwa, na mtajie bei ya sokoni kwenu. Basi la kurudi Lushoto linaondoka Mtae usiku wa manane ukielekea alfajiri, kwa hiyo ulizia saa yake mara tu unapofika, na ulipie nafasi kabla ya kulala.