Siku moja kazini kwenye makazi ya wazee

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye makazi ya wazee, hapa pembezoni mwa Dar es Salaam, swali la kwanza ni kama sioni kinyaa kuogesha na kubadilisha nepi. Sioni. Ila hiyo ni nusu ya kazi, na leo nataka muione nusu ya pili, ile tuliyofundishwa na Mama Mfawidhi wetu, msimamizi wa makazi.

Saa 11 alfajiri. Nakabidhiwa zamu. Naanza na wasioweza kujigeuza, ambao hugeuzwa kila baada ya saa mbili usiku na mchana wasichubuke mgongo. Halafu kupima sukari ya damu kabla ya chai, kupima pressure, maji ya kuoga.

Saa 1 asubuhi. Uji. Anayeweza kushika kijiko anashika mwenyewe, hata ukimwagika, hata akichukua saa nzima. Mimi ningemlisha kwa dakika tano, lakini Mama Mfawidhi alilikataza hilo tangu alipohamishiwa hapa. Mkono usiotumika hukakamaa, na mzee akilala kitandani siku chache tu miguu huisha nguvu, kuirudisha ni wiki nyingi. Zamani bustani ya mchicha ililimwa na kibarua. Sasa wanapalilia wazee wenyewe, na kamati yao ndiyo inayopanga mboga ya Jumapili. Mwenyekiti ni bibi asiyeona, na akiahirisha kikao, kimeahirishwa.

Saa 2. Hospitali na babu mmoja, fundi seremala wa zamani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na ukutani pameandikwa mzee apishwe kwanza. Dirisha la wazee limefungwa. Tunaambiwa tupange foleni ya kawaida, anayehusika anakuja. Saa 3 hajaja. Saa 4 hajaja. Babu amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, fimbo katikati ya magoti, na kila kijana anayepita mbele yake anamwamkia "shikamoo" kisha anawahi foleni. Nimekwenda kuuliza, nimerudi, nimekwenda tena. Naambiwa kitambulisho chake hakisomeki, kitolewe nakala, na duka la nakala liko ng'ambo ya barabara. Siwezi kumwacha peke yake, na siwezi kumvusha lami ile yenye bodaboda. Mama mmoja muuza maji akajitolea kukaa naye. Mungu ambariki.

Tunaingia kwa daktari karibu saa 6. Ananitazama mimi. "Anakula? Choo anapata? Dawa anameza?"

"Daktari, babu mwenyewe yupo, muulize."

"Dada, foleni umeiona. Nisaidie tu."

Hapa ndipo ninapoikumbuka sheria ya Mama Mfawidhi: mzee mwenye akili zake hasemewi. Nikanyamaza. Ukimya ukawa mrefu, mpaka daktari akamgeukia. Babu akasafisha koo, akasema kidonge cha pressure anachopewa usiku anakibania shavuni, nikitoka anakitema. Kinamkojoza, na choo kiko nje, na gizani anaogopa kuanguka. Mwenzake alivunjika nyonga hivyo hivyo.

Daktari akaweka kalamu chini. Kidonge kimehamishiwa asubuhi. Pressure yake ilikuwa ikipanda miezi na miezi, tukidhani dawa imemkataa, kumbe jibu alikuwa nalo mwenyewe. Nilisikia fahari ambayo siwezi kuieleza.

Tulirudi jua likiwa kali. Chakula, kufua, kugeuza wagonjwa, kugeuza tena. Bao linapigwa chini ya mwembe na watu wanabishana kama vijana wa kijiweni. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokaa. Miguu ilikuwa imevimba. Mama Mfawidhi nilipomsimulia habari ya kidonge hakunijibu mimi, alikwenda moja kwa moja kwa babu kuuliza taa ifungwe wapi njia ya chooni. Babu akasema mbao ya kuifungia atairanda yeye.

Jioni nimejaza fomu ya kupendekeza wa kutunukiwa tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwaka 1990, na miaka ya 2021 hadi 2030 umeiita muongo wa kuzeeka kwa afya. Siku hiyo kwetu huja sukari, sabuni na kamera, na tunashukuru, kwa sababu sabuni huisha kweli. Ila kwenye shukrani hutajwa wafadhili tu. Fomu inauliza wazee wangapi wamelishwa, wamevishwa, wamepewa magodoro. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu fulani amewarudishia wazee kauli yao. Nimegeuza karatasi, nikaandika nyuma ukurasa mzima, na jina la Mama Mfawidhi nimelipigia mstari.