Siku yangu kwa agroveti Nakuru, kutwa ni kuhesabu mililita

Saa moja na nusu asubuhi nafungua duka, letu ni la dawa za mifugo na mimea. Huku mtu yeyote akisimama nyuma ya kaunta ya agroveti anaitwa daktari, nimeshawaambia mimi nauza tu lakini wapi.

Saa mbili hivi anaingia mama wa Bahati, anataka dawa ya kupe, ile ya amitraz ya asilimia 12.5. Hiyo unaweka mililita 2 kwa kila lita ya maji, pampu yake ni ya lita 20, kwa hivyo ni mililita 40, hesabu imeisha. Shida ni kwamba yeye hupima na kifuniko. Namuuliza kifuniko kinabeba ngapi, anacheka tu. Na vifuniko havifanani jamani, cha chupa hii ni 10, cha ile ni 20, vingine havina hata alama! Ukipunguza dawa kupe wanaizoea, ukizidisha unamuumiza ng'ombe. Nikampa sirinji ya mililita 20, avute mara mbili.

"Sasa daktari, hii imeandikwa ml na yule hudunga ng'ombe wangu husema cc?"

Ni kitu kimoja mama, cc 1 ni mililita 1. Hata hiyo boda ya cc 150 iliyokuleta, injini yake ni ya mililita 150, nusu ya soda ya 300. Hiyo ilimshangaza kuliko mambo ya kupe.

Saa nne mzee wa viazi kutoka Mau Narok. Lebo yake inasema lita 1 ya dawa kwa hekta kwa maji lita 400, na yeye ana ekari moja na pampu ya lita 20. Hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa wakaanza kukisia. Mimi kitu cha kwanza nageuza lita iwe mililita 1,000 ndio nisicheze na pointi. Ekari ni kama hekta 0.4, so dawa ni mililita 400 na maji lita 160. 160 gawanya kwa 20 ni pampu 8, 400 gawanya kwa 8 ni mililita 50 kila pampu. Mzee akaandika 50 kwa kiganja na biro akaenda zake.

Saa saba chapo madondo, nakula nikiwa nimesimama.

Saa nane kijana wa mjengo anataka klorini ya maji ya tangi. Tangi ni mita 2 kwa 2, kina 1.5, fundi amemwambia ni kyubiki 6, yaani mita za ujazo 6, na yeye ameandika lita 600 kwa sababu mita ni sentimita 100. Hapana boss, hiyo mia unaizidisha mara tatu, urefu, upana na kina, mia mara mia mara mia ni sentimita za ujazo milioni moja, na kila moja ni mililita 1. Gawanya kwa elfu upate lita, kyubiki 1 ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Tangi lake ni lita 6,000, mitungi 300. Angebeba klorini ya sehemu moja ya kumi halafu arudi kuniambia dawa yangu ni feki, hao nawajua.

Jioni saa kumi na moja mama mwingine anakuja amekasirika, ati anayemnunulia maziwa amemuibia, ndoo yake ni lita 20 kamili na mizani imesoma kilo 20.6. Nikamuuliza unalipwa kwa lita ama kwa kilo? Kwa kilo. Maziwa ni mazito kuliko maji kidogo, lita 1 inakaribia kilo 1.03, so lita 20 ni kilo 20.6, mizani iko sawa kabisa na bei ikiwa ile ile wewe ndio unakula faida ya hiyo pointi sita. Akaniangalia, akanunua chumvi ya ng'ombe, akaniambia nisimwambie mtu.