Pesnyary, manju wa Minsk

Neno "pesnyary" la Kibelarusi halihitaji maelezo marefu Unyamwezini: ni manju, yule anayetunga na kuimba. Jina hilo lilibebwa na bendi ya Minsk, Belarus, iliyoundwa mwaka 1969 na Vladimir Mulyavin, mpiga gitaa mzaliwa wa Sverdlovsk, Urusi. Mwanzo waliitwa Lyavony. Mwaka 1970 walikwenda Moscow kwenye mashindano ya wasanii wa Umoja wa Kisovyeti mzima na jina jipya, wakarudi na tuzo.

Bendi za namna hiyo ziliitwa VIA, kifupi cha maneno ya Kirusi yenye maana ya kundi la sauti na vyombo. Mwanamuziki wa VIA ya kulipwa alikuwa mwajiriwa. Filamonia, taasisi ya serikali ya muziki, ilipanga ziara na kumlipa kiwango maalumu kwa kila onyesho, na kamati ya sanaa ilisikiliza nyimbo kabla hazijapanda jukwaani. Anayeijua NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, hatashangaa. Santuri zote zilitoka kampuni moja ya serikali, Melodiya.

Kamati hizo ziliyaogopa magitaa ya umeme. Lakini wimbo wa bibi kizee wa kijijini wangeukatalia nini? Naona Mulyavin alipenya hapo.

Sikiliza "Kasiu Yas kanyushynu", wimbo wa asili wa kijana anayefyeka majani ya mifugo huku jicho liko kwa msichana. Mstari wa kwanza unarudiwa mara tatu kabla ya kujibiwa, kama kiitikio cha ngoma. Sauti zinaanza peke yake, bila chombo, zikiwa zimebanana. Kisha ngoma na magitaa vinaingia kwa kishindo.

Wanakwaya wa Tabora wanaotaka kujaribu mpangilio huu kwa wimbo wa Kinyamwezi waanze na sauti tatu tu: wimbo wenyewe katikati, ya pili juu yake, ya tatu chini. Besi isubiri. Tatizo linajitokeza pale vyombo vinapoingia. Waimbaji wasio na chombo hushuka kidogo kidogo, hasa kwenye noti ndefu na pumzi ikipungua, na wenyewe hawasikii kwa sababu wanashuka pamoja. Gitaa likipigwa tu, aibu. Kwa hiyo katika mazoezi mpiga solo aguse noti ya mwanzo kila ubeti unapoisha, mpaka kundi lijue linateleza kwenye neno gani; mara nyingi ni neno lile lile. Dawa ni kuvuta pumzi kwa zamu, wasikate wote mahali pamoja.

Jambo la pili ni vyombo. Pesnyary walichanganya gitaa la besi na dramu na filimbi, fidla na lira ya gurudumu, chombo cha nyuzi kinachozungushwa kwa mkono na kutoa mvumo usiokatika. Mvumo huo ukiachwa chini ya gitaa la rithim linalobadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) haraka, vinagombana. Punguza kodi, mbili au tatu zatosha.

Sauti nyororo ya tena, yaani sauti ya juu ya kiume, inayosikika katika rekodi nyingi za miaka ya 1970 ni ya Leonid Bortkevich. Mwaka 1976 bendi ilizuru Marekani, na mwaka huo huo ikatoa kazi ndefu ya jukwaani juu ya mashairi ya Yanka Kupala, mshairi wa Kibelarusi, ambayo kwangu ni nzito kuliko vibao vya redioni, ingawa wengi huikimbia.

Mwaka 1998 kundi liligawanyika. Mulyavin aliumia katika ajali ya gari 2002, akafariki Januari 2003. Sasa jina hilo linatumiwa na zaidi ya kundi moja, basi ukitafuta mtandaoni andika Песняры, na angalia mwaka wa rekodi kabla ya kupakua: santuri yao ndefu ya kwanza ni ya 1971.