Usiku wa maji

Leo ni wiki ya tatu tangu tanki lipandishwe kwenye mnara wake nyuma ya jiko. Jeusi, la lita 1,000, nimelinunua kwa hela ya mchezo wa kina mama wa hapa mtaani baada ya zamu yangu kufika. Nimelisubiri miaka miwili. Fundi amelifungia boya, kwa hiyo maji yakija linajaa na kujifunga lenyewe huku mimi nimelala. Na nimelala kweli, usingizi mzima, isipokuwa jana. Jana ilikuwa Ijumaa, zamu yetu ya maji, na ilipofika saa nane usiku macho yakafunguka yenyewe. Nikakaa kitandani nasikiliza kama kuna miguu inakuja kwenye korido.

Nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitano, amepewa jina la baba yangu, kwa hiyo nyumbani tunamwita Babu. Wa pili ana mwaka na miezi minane, jina lake ni la mama mkwe, naye ni Bibi. Babu yuko darasa la awali, shule ya karibu tu, tunakwenda kwa miguu. Bibi hajaenda popote bado, lakini nyumba nzima ni yake. Baba yao kazi yake iko Manyoni, anakuja mwisho wa mwezi na sikukuu.

Mchana wa kwetu ni wa Bibi. Akiamka saa kumi na mbili asubuhi anataka kubebwa, akibebwa anataka kushuka, akishuka anataka kile alichoshika kaka yake. Babu akifungua daftari aandike irabu, Bibi anakuja kukaa juu ya daftari. Babu akivaa kiatu kimoja, cha pili kimeshafika bafuni. Namfukuzia na kijiko cha uji wa ulezi, namfuta, nambadilisha, namtoa kwenye soketi, namtoa chini ya meza, na katikati ya hayo yote kuna sauti ndogo inasema, "Mama, nikwambie?" Nami najibu, "Subiri kidogo, Babu, nimalizane na mwenzio."

Anasubiri. Hicho ndicho kinachoniuma ninapoandika haya. Anasubiri vizuri sana. Anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anaangalia, na baada ya muda anaondoka kwenda kucheza na vifuniko vya soda. Majirani humsifu. "Mtoto wako mstaarabu jamani, hana usumbufu." Nilikuwa nazipokea zile sifa kama zangu. Sikuwahi kujiuliza lile neno alilotaka kuniambia lilikwenda wapi.

Nieleze habari ya maji kwa msioishi Dodoma. Sisi hatuna ziwa, hatuna mto unaopita mwaka mzima. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kisha mbingu zinajifunga na upepo unaanza kutuletea vumbi. Mji unakunywa zaidi maji ya chini ya ardhi, ya visima vya Mzakwe na vingine vilivyofuata. Ni maji magumu. Sabuni haitaki kutoa povu na birika linaota ukoko mweupe kwa ndani. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Kila nikiona msingi mpya unachimbwa huku upande wa Nkuhungu nahesabu koki nyingine kwenye bomba lile lile. Watu wanalizungumzia Bwawa la Farkwa kule Chemba, nami naliombea, lakini watoto huogeshwa leo.

Mtaani kwetu zamu ni Jumanne na Ijumaa, usiku. Koki haitoi maji mara moja. Inaanza kukohoa, inatoa hewa, inanyamaza, inakohoa tena, kisha yanakuja mekundu kidogo, unayaacha yapite, ndipo unaanza kukinga. Presha ikiwa ndogo, pipa la lita 200 linachukua karibu saa nzima. Kuna pipa mbili, madumu nane ya lita 20, ndoo nne, na masufuria yote ambayo hayana chakula. Mtu akilala usiku ule, anaamkia kununua maji ya mkokoteni.

Babu alianza kuja mwaka jana, kipindi kile cha baridi cha Julai. Nilikuwa nimechuchumaa uani na tochi ya simu mdomoni, nikageuka, nikamwona kasimama mlangoni na khanga yangu mabegani. Nikamwambia arudi kulala. Akasema, "Nimesikia inakohoa." Nikamrudisha kitandani, baada ya dakika tano akawa amerudi. Wataalamu wanasema mtoto wa umri wake anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na mimi hilo nalijua na lilinisumbua, na baadaye alipoanza shule likanisumbua zaidi Jumanne, maana kesho yake ni darasa. Nikaanza kumlaza saa moja na nusu siku za maji. Lakini koki ikikohoa tu, huyo.

Basi nikampa kazi. Alikuwa na dumu lake, la mafuta ya kula la lita tatu, nililiosha kwa maji ya moto mpaka likaacha kuteleza. Kazi yake ilikuwa kushika mwisho wa mpira ndani ya pipa usiruke, na kusema "karibu" maji yakibakiza vidole vinne kufika juu. Mwisho kabisa, kabla hatujafunga, tunajaza dumu lake. Analibeba mwenyewe kwa mikono miwili mpaka ndani, analiweka chini ya kitanda.

Na anaongea. Mimi sikujua kama mtoto wangu ni muongeaji. Bibi amelala ndani, jirani wamelala au wako kwenye mapipa yao, simu iko kwenye mwanga wa tochi haiwezi kufanya kingine, na mimi nimekaa juu ya dumu lililopinduliwa sina pa kwenda mpaka pipa lijae. "Mama, nikwambie?" Naye anaanza. Nimejifunza majina ya darasa zima. Nimejifunza kuwa kuna mtoto anakuja na karanga kila Jumatatu na humpa kila mtu mbili. Nimejifunza kuwa yeye anaamini mwezi unaishi Singida, kwa sababu baba yake akiondoka kwenda kazini anaelekea upande ule unakozama.

Usiku mmoja wa Februari aliniambia jambo ambalo bado linanikosesha raha. Kwa muda mrefu nilikuwa namwona akirudi shule anapitiliza mbio chooni, hata begi havui. Nilidhani ni mchezo. Tena nilishamgombeza kwa sababu ya kumpiga Bibi kikumbo njiani. Na mwalimu alishanieleza kuwa uji wa saa nne hanywi, nami nikadhani ni deko, amezoea uji wa nyumbani. Usiku ule maji yalikuwa yanakwenda taratibu sana, tulikuwa kwenye pipa la pili, akasema bila kuniangalia, "Mama, nikwambie? Mimi shule sinywi uji ili nisikojoe." Nikamuuliza kwa nini. Akasema tundu la choo cha shule ni kubwa, kuna giza ndani yake, na yeye anaweza kuingia lote.

Nilinyamaza kidogo, nikaogopa nikisema haraka atajifunga. Nikamuuliza tangu lini. "Tangu siku ya kwanza." Siku ya kwanza ilikuwa Januari, shule zilipofunguliwa. Zaidi ya mwezi mzima mwanangu alikaa na kiu na mkojo kuanzia asubuhi mpaka saa sita mchana, akarudi nyumbani kutaka kuniambia, nikamwambia subiri.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu. Mama mmoja mwelewa sana, akaniambia si yeye peke yake, wengine pia wadogo wanaogopa, ila hawasemi. Akapanga wawe wanakwenda wawili wawili, na yeye anasimama mlangoni. Baada ya wiki Babu alikuwa anakunywa uji na kuomba nyongeza. Jambo lilikuwa jepesi hivyo. Dakika tano za mtu mzima.

Tangu hapo sikumfukuza tena usiku wa maji.

Nilijaribu kuhamishia mazungumzo yale mchana, sitaki mtu adhani sikujaribu. Nilitenga nusu saa jioni, Bibi akiwa kwa dada wa jirani. Tukakaa sebuleni. "Haya Babu, niambie mambo ya shule." Akasema, "Mazuri." Nikauliza mmejifunza nini. "Kusoma." Tukatazamana. Mtoto hafunguki kama koki kwa kuwa umemfungulia. Anataka mikono iwe na kazi, macho yawe kwenye kitu kingine, na kuwe na kimya ambacho hakuna anayekiharakisha.

Kuhusu tanki, uamuzi ulikuwa wa haki na siujutii. Sababu kubwa ni Bibi. Miezi miwili iliyopita nilimpeleka kliniki kwa chanjo yake ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, na nesi alituweka kina mama kwenye benchi akatueleza habari ya ndoo. Alisema mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, akiinamia ndoo na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele; maji kidogo tu yanatosha kumziba pua na mdomo. Nilirudi nyumbani nikahesabu vyombo vyangu vyenye maji, vilikuwa vimejaa uani na korido yote. Kila kimoja nikakiwekea kifuniko na jiwe juu, na bado nilikuwa naamka usiku kuhakikisha mlango wa uani umefungwa kwa komeo la juu. Huyu ni mtoto ambaye hutumbukiza viatu kwenye ndoo ili avione vinaelea. Sasa maji yako juu, yeye yuko chini, na moyo wangu umetulia.

Mama mkwe alikuja wiki iliyopita kutoka Mvumi, na mfuko wa zabibu za msimu huu na mlenda mkavu kwenye kopo. "Mbukwenyi!" anasalimu kwa Kigogo tangu getini, na Bibi anamkimbilia wajina wake mikono juu. Nikamwonyesha tanki. Alilizunguka lote, akaligonga kwa kiganja kusikiliza limejaa mpaka wapi, akasema, "Mwanangu, umepumzika."

Jioni, tukichambua mchele, akanisimulia walivyokuwa wakichota maji utotoni. Kiangazi korongo lilikuwa mchanga mtupu. Mnakwenda alfajiri na mama yako, mnachimba shimo kwa mikono, mnakaa pembeni kungoja maji yajichuje. Mnayachota kwa kata, kata tatu nne, yanakwisha, mnangoja tena. Kibuyu kimoja kinaweza kuwala mpaka jua linachomoza.

Nikamuuliza, "Sasa mama, mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

Akaniangalia kama vile nimeuliza watu hula kwa nini. "Tulikuwa tunaongea."

Halafu akaendelea na mchele wake. Mimi ule ungo sikuuona tena vizuri.

Kwa hiyo jana. Saa nane usiku nasikiliza, koki haikohoi tena uani kwa sababu bomba sasa linapanda moja kwa moja juu. Nilisikia tu maji yanamwagika ndani ya tanki, sauti nzito ya mbali, isiyoweza kumwamsha mtoto. Miguu haikuja. Ijumaa ya kwanza baada ya tanki alikuja, nikamwambia, "Rudi ulale baba, siku hizi linajijaza." Alisema, "Sawa." Aliitika haraka, kwa ile sauti yake ya kusubiri. Hakuja tena.

Niliondoka kitandani, nikavaa khanga, nikaingia chumbani kwao. Bibi alikuwa amelala kifudifudi, matako juu, kavua soksi moja. Babu alikuwa amelala upande wa ukutani, na dumu lake lilikuwa pale pale chini ya kitanda, tupu, kifuniko kimefungwa. Nilisimama nikawaza usingizi wake. Nikawaza pia kuwa kesho ni Jumamosi. Nikamgusa bega.

"Babu. Maji yametoka."

Hakuuliza kitu. Alikaa, akapapasa dumu gizani, akanifuata. Uani kulikuwa na upepo na nyota nyingi. Hapakuwa na pipa la kujaza, hivyo tuliunga mpira kwenye koki ya chini ya tanki, nikaubana kwa kidole maji yatoke membamba kabisa, tukajaza lile dumu la lita tatu, tukaenda kumwagilia mpapai. Tukarudi, tukajaza tena, tukamwagilia ndimu. Safari ya tatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika mwisho wa mpira kwa mikono miwili kama zamani.

"Mama, nikwambie?"

"Niambie."

Akaanza na habari ndefu ya penseli ya rafiki yake iliyovunjika Jumatano, nani aliivunja, nani alisingiziwa, na yeye alikuwa amesimama wapi.