Mkoba wa mpiga besi

Yule mzee wa besi alikuwa anaachana na safari za usiku, na bendi ilishaniita nishike nafasi yake. Jioni ya kabla ya onyesho langu la kwanza alinikuta chumba cha mazoezi, akauvuta mkoba wangu na kuumwaga wote sakafuni.

Pedali, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti, zilitoka kwanza. "Wimbo gani wa kesho unaitaka hii?" Nikataja mmoja. "Kwa sekunde ngapi?" Nikanyamaza. Ikabaki tyuna ya kukanyaga peke yake, kifaa cha kupima kama nyuzi zimekaa sawa, kwa kuwa ukiikanyaga inakata sauti na watu hawasikii ukikaza nyuzi. Ile ya kubana kichwani mwa gita aliikataa. Inasoma mtikisiko wa mbao, na uzi wa E, unaotetema kama mara 41 kwa sekunde, mara nyingi unaisumbua.

Kwenye waya ndiko alikokaa. Aliufungua mmoja kifuniko cha jeki, ile ncha ya kuchomeka, kwa vidole, akanionyesha lehemu: huu ukikatika unatengenezeka. Wenye jeki iliyozibwa kwa plastiki akautupa kando. Kisha akauzungushia utepe mwekundu waya wa spika. Kwa nje ni pacha wa ule wa gita, ila ndani hauna wavu wa kuzuia kelele. Ukiuchomeka kwenye besi utasikia kila taa ya ukumbini.

Besi yangu hutumia betri ya volti 9, na jeki ikibaki imechomekwa betri inaliwa hata kama hupigi. Nilikuwa na betri ya akiba, nikaionyesha kwa majivuno. "Na bisibisi ya kufungulia kifuniko?" Sikuwa nayo. Akatoa yake mfukoni.

Tulibishana kwenye nyuzi tu. Yeye ni mtu wa nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza kidole. Mimi nataka za kawaida, zenye mlio mkali. "Haya, mdogo wangu, masikio ni yako," akasema. Mpaka leo naona nilikuwa sahihi.

Mwisho akanipa kisanduku chake cha D.I., kinachopeleka sauti ya besi kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganya sauti. Kizito, kisichohitaji umeme. Kesho yake, kabla hatujaanza, spika kubwa zikajaa mvumo mzito. Amplifaya yangu ilikuwa kwenye soketi ya jukwaani, mikisa kwenye soketi ya upande wa pili wa ukumbi; waya wa ardhi wa huku na wa kule vilikuwa vimekutana kupitia waya wangu. Mpiga gita mmoja akashauri tung'oe pini ya ardhi kwenye plagi. Huko ni kutafuta kifo, kwani kifaa kikipata hitilafu umeme unapita kwako. Nikabonyeza swichi ndogo ubavuni mwa kile kisanduku, inayotenganisha ardhi kwenye njia ya sauti pekee. Mvumo ukakatika. Muda wetu ulishaliwa, kwa hiyo tukauruka wimbo wa kwanza, tukaingia na wa pili.