Siku ya kazi ya mstaafu: mji mdogo, mwaka wa pili wa korona

Tangu Shirika la Afya Duniani litamke Machi 11, 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, mstaafu wa mji mdogo alinyang'anywa vitu vilivyokuwa vikimgawia wiki: vikao, ibada, foleni ya benki, mazishi, salamu ndefu za njiani. Mwaka 2021 chanjo zilikuwa zimeanza, lakini Jumanne bado ilifanana na Alhamisi. Mzee asiyejua leo ni siku gani huanza kulala mchana, kukesha usiku na kusahau dawa. Ratiba tupu haimsaidii, maana ratiba isiyo na kazi ndani yake huvunjika wiki ya kwanza. Na kazi ipo: kuandika yale ambayo mji huu hauna mahali pengine ulipoyahifadhi ila vichwani mwa wazee wake. Hii ni siku moja ya kazi hiyo, kwa mtu aliyevuka miaka 65 na mwenye presha.

Saa 12 asubuhi

Amka saa ileile kila siku, hata kama usingizi ulikatika. Keti ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Dawa nyingi za presha zinaweza kuifanya ishuke ghafla mtu anapoinuka, na huu si wakati wa kuvunjika nyonga. Fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite. Dirisha moja peke yake hupitisha hewa kidogo.

Kapate haja ndogo, kisha keti dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Ukanda wa mashine ya kupimia presha ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, bila kuongea. Kibofu kilichojaa, miguu iliyopishanishwa na maongezi vyote hupandisha namba. Andika vipimo vyote viwili daftarini, hata kile usichokipenda.

Kama una kipima oksijeni cha kidoleni, hakikisha kidole kina joto na kucha haina rangi, kisha subiri namba itulie. Kwa watu wengi 95 kwenda juu ni salama. Ikishuka chini ya 94 piga simu kwa mhudumu wa afya, na chini ya 90 ni dharura. Utafiti uliotoka Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli kwa wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo angalia mwelekeo wa siku kadhaa, usitegemee namba moja. Korona inaweza kushusha oksijeni kabla mtu hajahisi kubanwa pumzi. Tena kwa wazee wakati mwingine huja bila homa: kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka au kukataa chakula inaweza kuwa dalili ya kwanza. Hospitali kubwa ikiwa mbali, simu ipigwe mapema kuliko ambavyo mtu wa jijini angeipiga.

Saa 1 asubuhi

Dawa. Kisanduku chenye vyumba saba kijazwe siku moja maalumu ya wiki, mwangaza ukiwa mzuri, pakiti zote zikiwa mezani. Dozi iliyosahaulika haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Zikibaki za wiki moja, agiza nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu duka la dawa la mji mdogo huishiwa na hungoja mzigo. Mwanzoni mwa 2020 kulikuwa na hofu kwamba baadhi ya dawa za presha humfanya mtu apatwe na korona kwa urahisi. Vyama vya madaktari wa moyo vilisema wazi kwamba wagonjwa waendelee nazo. Presha iliyoachwa bila dawa ni hatari inayojulikana.

Saa 2 asubuhi

Huu ndio wakati wa kutoka, huduma zinapofunguliwa na watu wakiwa wachache. Barakoa ifunike pua na kidevu. Ya kitambaa iwe na tabaka tatu. Kwa aliyevuka miaka 60, barakoa ya kitabibu ni bora pale ambapo umbali haupatikani. Miwani ikipata ukungu, ujue hewa inatoka juu: banza waya wa puani vizuri, kisha weka miwani juu ya ukingo wa barakoa. Anayevaa shimesikio (kifaa cha kusaidia kusikia) atumie barakoa ya kufunga kisogoni. Kamba za masikioni huling'oa wakati wa kuvua barakoa, na watu hugundua wamefika nyumbani.

Ukirudi, nawa kwa sabuni sekunde 20, pamoja na vidole gumba na katikati ya vidole. Usipoteze saa nzima kufuta pakiti moja moja. Mwaka wa kwanza tulifanya hivyo, lakini sasa inajulikana kwamba njia kuu ya maambukizi ni hewa. Vitasa na swichi vinatosha: sehemu 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa sehemu 49 za maji baridi, yaani mililita 20 kwa 980, iachwe imelowesha angalau dakika moja. Tengeneza mpya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo. Hutoa gesi inayoumiza mapafu.

Saa 4 asubuhi

Sasa kazi yenyewe. Wengi huanza kwa kuandika "Nilizaliwa..." na huchoka ukurasa wa tatu. Anza na ramani.

Chagua barabara moja na mwaka mmoja, ikiwezekana ule uliokuwa na umri wa karibu miaka 20. Watafiti wa kumbukumbu wamekuta mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30. Chora barabara kwenye karatasi kubwa kwa penseli. Weka kwanza visivyohama: mto, daraja, reli, kilima. Kisha yape majengo namba kuanzia mwisho mmoja, witiri kushoto na shufwa kulia. Kwa kila namba andika mambo manne: nani alikuwa akikaa hapo, kazi gani ilifanyika, jengo lilikuwaje, na leo kuna nini. Usipokuwa na hakika weka alama ya kuuliza. Usibuni. Pengo lililoachwa wazi atakuja mtu kulijaza. Lililojazwa kwa kubahatisha litanakiliwa kama kweli.

Kosa linalojitokeza sana ni miaka miwili kulala kwenye ramani moja: duka lililoungua na lile lililojengwa juu ya majivu yake yanakaa jirani kama yalikuwepo pamoja. Dawa yake ni kufunga kila jambo kwenye tukio lenye mwaka unaojulikana: uchaguzi, mafuriko, umeme kufika, mtoto kuzaliwa.

Janga lenyewe ni ufunguo mzuri. Waliokuwapo 1957 na 1968 walipitiwa na mafua ya dunia nzima mara mbili, na wengi wao wana kovu begani la chanjo ya ndui, ambayo miaka ya mwisho ya kampeni ilichomwa kwa sindano ya ncha mbili, mara 15 hivi mahali pamoja. Mgonjwa wa mwisho wa ndui wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na Mei 1980 dunia ikatangaza kwamba ugonjwa umetokomezwa. Hayo yako vitabuni. Yasiyo vitabuni ni ya mji huu: foleni ilipangwa wapi, muuguzi alikuwa nani, shule ilifungwa muda gani, nani alikimbia. Yaandike.

Baada ya ramani, picha, lakini si zaidi ya ishirini kwa siku. Nyingi mno huchosha macho, na majina huanza kuchanganyika. Mikono iwe safi na mikavu. Nyuma ya picha za karatasi andika ukingoni kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya au huacha mfereji upande wa uso. Picha za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki usioshika penseli. Hizo andika kwenye bahasha yake. Bana za chuma, raba na gundi ya utepe ondoa zote. Picha zilizogandana na kurasa za albamu zenye gundi usizivute kwa kucha: pitisha uzi wa kusafishia meno polepole chini yake, kama mtu anayekata sabuni, na ukikwama piga picha ukurasa mzima kwanza.

Kwa skana, nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ndogo. Kwa simu, laza picha karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, zima taa ya kamera, simu iwe sambamba na meza. Faili liitwe kwa mwaka kwanza, kisha mahali, kisha majina.

Saa 7 mchana

Chakula, maji hata kama kiu haijafika, maana hisia ya kiu hupungua umri ukienda. Usingizi usizidi nusu saa.

Saa 9 alasiri

Simu. Anza na mkubwa wa umri, si na rafiki wa karibu. Rafiki atapatikana wiki ijayo. Wa miaka 90 huenda asipatikane, na janga hili limetufundisha hilo vibaya sana. Omba ruhusa ya kurekodi kabla ya lolote. Tumia simu ya pili au kinasa sauti, kiwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye spika, mbali na feni. Jaribu sekunde 30 na usikilize. Mwanzoni taja tarehe, majina na mahali.

Usiulize "Unakumbuka duka la pembeni?" Atasema ndiyo. Uliza "Ukitoka darajani, mkono wa kushoto unakuta nini?" kisha nyamaza. Kimya cha sekunde kumi si simu kukatika, ni mtu anatafuta. Dakika 30 zinatosha. Akihuzunika, acheni ramani mzungumze. Mwaka 1963 daktari Robert Butler aliandika kwamba kuyapitia maisha ni kazi ya kawaida ya uzee, wala si dalili ya akili kuchoka. Akikataa jina la mtu liandikwe, lisiandikwe.

Saa 11 jioni

Tembea nusu saa. Siku tano za hivyo hutimiza dakika 150 za wiki. Siku tatu ongeza mizani: simama ukishika kaunta, kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, sekunde 10. Wiki chache za kukaa tu hula misuli ya mapaja. Mgeni akija mkae nje, umbali wa mita mbili.

Saa 1 usiku

Habari mara moja kwa siku, dakika 20, kutoka chanzo kimoja unachokiamini. Anayepiga simu akiahidi nafasi ya chanjo kwa kukuomba namba ya siri ni tapeli. Kata simu.

Saa 3 usiku

Nakili kazi ya leo sehemu tatu: kwenye kompyuta au simu, kwenye diski ya nje, na kwa mtu anayeishi nyumba nyingine. Kadi za kuhifadhia hufa bila kutoa taarifa. Kando ya kitanda kuwe na karatasi moja, kwa herufi kubwa: majina ya dawa na dozi, mzio, vipimo vya leo, tarehe za chanjo, namba ya mtu wa kupigiwa. Jirani aoneshwe karatasi hiyo ilipo, na ufunguo wa akiba awe nao yeye.