Wifi na kijiko cha chai

Leo nilimsindikiza wifi hospitali Kilifi, mwanawe kaombwa aingie utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wale wako pale tangu 1989, hata chanjo ya malaria ya R21 ilijaribiwa hapo na Bagamoyo kabla WHO haijaipendekeza 2023.

Dada wa utafiti akasoma fomu kwa Kigiriama polepole, wifi kimyaaa, mwisho akauliza, "Na hiyo damu mwaipeleka wapi?"

Dada hakucheka. Akamweleza maabara ilipo, kisha akatoa kijiko cha chai, akatia maji amwonyeshe kipimo cha damu watakayotoa.

Wifi akakikodolea macho kile kijiko weee! Ndo akabonyeza dole gumba kwa wino, mi nikasaini shahidi.

Na ruksa kujitoa siku yoyote, matibabu yako palepale.

Wenu mngemruhusu?